Jina la Baba Mkwe

Mimi nina mdomo. Hilo nalijua, na mume wangu hunikumbusha nisije nikasahau. Nikianza kubishania bei ya dagaa wa sambaza pale sokoni Kamembe, wauzaji wa meza za jirani huacha kazi yao wakasikiliza yangu. Kwa hiyo waliposikia nimepata kazi ya ukalimani mahakamani, walicheka mpaka wakajishika mbavu. Huyu? Huyu akae mbele ya hakimu siku nzima, aseme ya watu, asiseme yake?

Kazi yenyewe si ya kila siku. Nilizaliwa ng'ambo ya mto wa mpakani, Bukavu, kwa sababu bibi yangu aliuvuka enzi za kukimbia, mama yangu akiwa mgongoni mwake, na sisi tukarudi huku nikiwa msichana mkubwa. Kiswahili ndicho nilichochezea barabarani, Kinyarwanda ndicho nilichokaripiwa nacho nyumbani, na vyote viwili vimekaa kichwani bila kugombana. Kule walituita Wanyarwanda. Nilipofika huku wakaniita Mukongomani, na yuko jirani mmoja ambaye hata leo akinikasirikia hulichomoa neno hilo na kunirushia. Basi mahakama ikipata mtu wa kutoka Kivu, hunipigia simu. Nilikula kiapo kwamba nitatafsiri kila kinachosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nilikula kwa moyo mweupe kabisa, maana sikujua iko siku kitanikaba koo.

Ilikuwa msimu wa mvua uliopita. Nilimkuta mama mmoja kwenye benchi la nje, anaosha matope ya miguuni kwa maji ya chupa ili asichafue sakafu ya serikali. Alikuwa wa rika langu, labda ananizidi kidogo, amefunga kitenge cheusi cha msiba kilichokwisha kupauka. Nilipomsalimu kwa Kiswahili cha kwetu alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuniachia.

"Asanti Mungu, maman," alisema. "Nilizani batanipatia muntu wa kusema Kiswahili ya mu redio."

Nilicheka, naye akacheka, na karani akatoa kichwa mlangoni kutazama ni nani anacheka mahali pale.

Kesi yake ilikuwa hivi. Zamani alikuwa mchuuzi wa kuvuka mpaka, anakuja asubuhi na beseni tupu, anarudi Bukavu jioni na nyanya za huku. Katika kuvuka huko akapendana na mwanamume wa kilima cha Nkungu, na siku moja akaacha kurudi jioni. Wakaishi pamoja kilimani miaka mingi, katika nyumba waliyoijenga wenyewe juu ya kipande cha shamba ambacho baba wa mwanamume alimkatia mwanawe. Mtoto Mungu hakuwapa. Ndoa ya serikali hawakufunga. Mahari ilitolewa, pombe ikanywewa, na wao, kama wengi wa huku, wakaona hiyo inatosha. Kisha mume akafa. Hata matanga hayajaanuliwa vizuri, mdogo wa marehemu akatia kufuli mlangoni, akasema huyu mwanamke si mke wa mtu hapa, ni mfanyakazi tu, Mukongomani ambaye kaka yake alimhifadhi kwa huruma. Wapatanishi wa kijiji wakampa haki mdogo mtu. Mama akaja kujibanza kwa mchuuzi mwenzake hapa Kamembe, akafungua kesi.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu, arudi ndani ya nyumba ile na alime shamba lile mpaka afe. Kwao hapakuwa na pa kurudi. Baba yake alishakufa, ndugu zake vita imewatawanya, na nyumba waliyokulia ina watu wengine. Sheria nayo haikumfungia mlango moja kwa moja. Mtu aliyeishi na mwenzake kama mke na mume, wakachuma pamoja, anaweza kupata haki yake hata bila cheti. Ila ni lazima aonyeshe kwamba aliishi pale kama mke. Hapo ndipo kesi yote ilipokaa.

Tuliingia. Hakimu alikuwa mwanamke, mdogo kuliko sisi sote, ana sauti ya chini ya mtu asiyehitaji kupaza. Nataka niseme kweli juu yake, kwamba hakuwa mtu mbaya. Afadhali angekuwa mbaya, ningejua pa kupeleka hasira yangu. Upande wa meza tulikuwa wanawake tu, hakimu, karani na mimi. Ukutani palibandikwa tangazo lisemalo kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria, mwanamke na mwanamume, mwenyeji na mgeni. Na hakimu alianza kwa kumwambia shemeji mtu aache kusema "huyu Mukongomani", aseme mlalamikaji. Moyo wangu ulifurahi. Nikajisemea, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na leo atapewa.

Shemeji alikuwa mtu wa maneno laini. Alivaa koti la kijivu, na kila akianza kusema aliinamisha kichwa kwa adabu. Jambo la kwanza alilolishika lilikuwa mimi.

"Mheshimiwa, mwenyewe unaona," alisema kwa Kinyarwanda. "Mtu anasema ameishi kwetu miaka yote hiyo, na bado anatafutiwa mkalimani."

Nikalitafsiri na hilo. Nilisimama pale nikiwa ushahidi dhidi ya mtu niliyeletwa kumsaidia, na kinywa kilichopeleka habari hiyo kilikuwa changu. Mama alijibu taratibu, "Kinyarwanda yangu ni ya jikoni na ya shamba. Ya kusambia, ya kujitetea mbele ya serikali, hapana, naiogopa." Hakimu akaandika. Sikuona usoni mwake kama limeingia au limepita.

Shahidi alikuja mmoja, bibi kizee wa shamba la jirani. Wengine walisema wana maharage ya kupalilia. Kikongwe alisema ndiyo, alimwona mama huyu akilima, alimwona akichota maji, alimwona akimpokea marehemu jembe jioni. Hakimu akamuuliza, je, alikuwa mke wake? Bibi akatazama chini. "Mambo ya ndani ya nyumba ya watu siyajui," alisema.

Mtu wa mjini angesikia kwamba bibi hajui. Mimi nilijua anajua vizuri sana. Lakini kwenye vilima hivi mtu mwenye malezi haingizi mkono chunguni mwa jirani, na yeye alidhani amejibu kwa heshima, hata alipokwenda kukaa alikaa kama mtu aliyefanya vizuri. Nilitamani kumtikisa.

Ikabaki mahari. Kwa mama, mahari ndiyo ilikuwa kila kitu, kwa sababu baba mkwe wake mwenyewe alivuka daraja kwenda Bukavu kuitoa. Alisimama wima kuisimulia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na furaha.

"Mzee njo alikuja kwetu," alisema. "Papa ya bwana yangu. Alivuka na miguu, na ile ya juu ilikuwa inamwangika, akafika ameloa yote, papa yangu akamupatia koti yake."

Ile ya juu. Nilijua anasema mvua, nikasema mvua kwa Kinyarwanda, nikaendelea. Ila nilipolitamka neno nilimwona anainamisha uso kidogo, kama mtu aliyesikia jambo la aibu likisemwa mbele ya wakubwa. Ishara ile naijua. Bibi yangu kule Bukavu hakuwahi kusema chumvi. Jina la baba mkwe wake lilifanana na neno la chumvi, basi yeye chumvi aliiita "ya kuonja", mpaka anakufa. Sisi wajukuu tulimtania sana. Tulimficha kopo, tukamuuliza, bibi, unatafuta nini? Naye angesema ya kuonja, ninyi washenzi wadogo, ya kuonja iko wapi?

Ni desturi ya zamani ya Wanyarwanda. Mke hatamki jina la baba mkwe, wala neno linalokaribiana nalo, awe hai au awe kaburini. Kulitamka ni kama kumvua mzee nguo mbele za watu. Siku hizi wengi wameiacha. Mama yangu aliiacha, mimi sikuianza kabisa, na hapa Kamembe sijui mwanamke hata mmoja anayeishika. Na huyu hapa, Mushi wa Bukavu, mtu wa kabila jingine kabisa, alifundishwa na mama mkwe wake juu ya kilima cha Nkungu, akaishika kwa mikono miwili, kwa sababu alikuwa mgeni. Aliyezaliwa ndani ya nyumba huweza kukosa adabu na bado akaitwa mtoto wa nyumba. Mgeni hana ruhusa hiyo.

Nikaanza kuomba moyoni hakimu asiulize. Akauliza.

"Huyo aliyeleta mahari anaitwa nani?"

"Ni papa ya bwana yangu."

"Nimesikia. Jina lake?"

"Mzee," alisema mama.

Shemeji akainuka, akainamisha kichwa kwa adabu yake ile. "Mheshimiwa, baba yangu alikufa kabla huyu mlalamikaji hajakanyaga kilima chetu. Hakwenda Bukavu, hakutoa mahari. Kama alimjua, amtaje."

Uongo mkavu. Niliutafsiri neno kwa neno, kwa sauti ile ile ninayotafsiria salamu.

Hakimu aliweka kalamu chini. "Mwambie mama ajibu tu," aliniambia. "Swali ni jepesi."

Jepesi kweli. Jina lile hata mlevi wa njia ya Nkungu angekutajia bila kuulizwa mara mbili. Ndiyo maana kutolitaja kulionekana ni kutolijua.

"Siwezi kuitaja, Madamu," mama alisema. "Mama mukwe alinifundisha, muke wa mu nyumba hatajake jina ya papa mukwe. Hata kama amekufa. Uniulize kitu ingine yote, nitajibu."

Niliyatafsiri yote hayo kwa nguvu zangu zote, sikuangusha hata punje. Hakimu alielewa. Sitaki mtu aniambie kwamba ukalimani ndio uliomponza mama, kwa maana hakimu alielewa kabisa. Akamgeukia shemeji, akamuuliza kama kwao kuna desturi hiyo.

"Hayo ni ya wazee wa zamani, Mheshimiwa," shemeji alisema, akatabasamu. "Mke wangu yuko pale nyuma. Muulize."

Mke wa shemeji akasimama. Alikuwa mwanamke wa Kinyarwanda safi, mzaliwa wa tarafa ile ile. Hakimu alimuuliza kama yeye hulitaja jina la baba mkwe wake. "Ninalitaja, Mheshimiwa. Siku hizi nani anaogopa jina?" Watu wa benchi la nyuma wakacheka kidogo. Mjane alijifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, kana kwamba ni yeye aliyekosa.

Hapo hakimu alisema maneno ambayo nisingeyachukia kama yangesemwa mahali pengine. Alisogea mbele, akamtazama mama machoni, akasema na yeye, si na mimi.

"Mama, nisikilize. Katika nchi hii mwanamke hafungwi tena mdomo. Sheria imekupa haki ya kusema mbele ya mtu yeyote, juu ya mtu yeyote, sawasawa na mwanamume. Hapa ndani hakuna baba mkwe. Uko huru."

Nina binti. Maneno hayo ningependa ayasikie kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Lakini siku ile nilipomgeukia mama na kumwambia, "Uko huru," ulimi wangu ulikuwa mzito kama nimekula ndizi mbichi. Haki ya kusema walimpa, na walimpa kwa moyo mwema. Ya kunyamaza na bado ukahesabiwa mke, hiyo hawakuwa nayo. Na anayeihitaji ni nani, kama si mgeni aliyejifunza adabu za watu ili wamwite wao?

Nikashindwa kujizuia. Niliinua mkono.

"Mheshimiwa, naomba kueleza jambo dogo. Bibi yangu mimi..."

"Mkalimani hana neno lake hapa," hakimu alisema. Hakusema kwa ukali. "Tafsiri."

Hata karani hakuinua kichwa. Mimi ninayewanyamazisha wauza samaki, nilifunga mdomo wangu nikasimama. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaunguruma, na haikuwa na mahali pa kwenda.

Hakimu alikuwa bado anatafuta njia. Alimuuliza mama kama anajua kuandika, aliandike basi. Mama alisema kwao kaka zake ndio waliosoma, yeye alibeba mizigo ili wasome. Hakimu akafikiri, akasema, "Basi amnong'oneze mkalimani. Mtu mwingine hatasikia."

Nikainama. Mama akaleta mdomo sikioni mwangu, akanishika bega ili asianguke. Nilisikia pumzi yake, moto, inakuja na kukatika, inakuja na kukatika. Midomo yake iligusa sikio langu. Nami nikawa namsukuma kwa moyo, sema, maman, sema tu, jina la marehemu halitakuvunja mguu, sema urudi kwako ulale.

"Maman," alininong'oneza, "nikikuambia, wewe utaisema. Itakuwa imetoka mu kinywa yangu. Mama mukwe alikufia mu mikono yangu. Nitamuambia nini?"

Kiapo ni kiapo. Nikanyoosha mgongo na kuyatafsiri maneno hayo kwa sauti, mbele ya shemeji, mbele ya mke wa shemeji, mbele ya benchi lote. Nilijisikia kama nimemvua nguo mimi.

Hakimu alisubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko ambavyo wengine wangesubiri, hilo nalo nalikiri. Mama akaona kwamba kimya chake kinamla, akaanza kumwaga mengine yote. Kwamba mzee alikuwa na kidole cha mguu kilichopinda. Kwamba uji alikunywa bila sukari na akitiwa sukari alikuwa ananuna. Kwamba alikohoa usiku, na mkwewe ndiye aliyeamka kumchemshia maji, si watoto wake wa kiume. Kwamba yeye ndiye aliyemuosha mwili. Alisema haraka haraka, nami nikamfuata mbiombio, na kila kitu alichosema kilikuwa cha mtu wa ndani.

"Mfanyakazi huyajua hayo yote, na zaidi," shemeji alisema, polepole.

Kesi ikafungwa, tukaambiwa siku ya kuja kusikiliza hukumu.

Katikati ya siku hizo sikukaa kimya, maana nisingeweza. Nilikwenda kwa karani nikamuuliza kama naweza kuwa shahidi wa desturi ile. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama mbuzi anaweza kuendesha pikipiki. Aliyetafsiri kesi hawezi kuishuhudia, alisema, na hata ningeweza, ningeshuhudia nini? Habari za bibi yangu wa Bukavu? Nyumba ile ya Nkungu niliwahi kuingia? Sikuwahi. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alikuwa na haki.

Nikamwambia mama atafute mwanamke mwingine wa ukoo ule anayeishika desturi. Alisema alikuwepo mmoja, mama mkwe wake, naye ameshazikwa. Nikamwambia amwombe yule bibi kizee wa jirani aseme wazi safari hii. Alikwenda Nkungu kwa miguu kutoka barabarani, matope mpaka magotini, bibi akamkaribisha, akampa viazi, akasikitika naye sana, akasema tena kwamba ya ndani ya nyumba ya watu yeye hayasemi, na hata hivyo muda wa mashahidi ulikuwa umepita. Nyumbani kwangu nilipika huku nalia, nikatia vitunguu vingi ili watoto wasiulize. Mume wangu aliuliza.

"Kazi yako ni kutafsiri, mama watoto, si kulia," alisema.

"Basi nitafsirie wewe hii," nikamwambia, nikampa kisogo. Hakuwa na kosa lolote, maskini. Alikaa pale jikoni na mimi mpaka chakula kikaiva.

Siku ya hukumu mjane alikuja amevaa kitenge kile kile, kimefuliwa na kupigwa pasi, na beseni lake la uchuuzi akaliacha nje kwenye benchi. Hakimu alisoma, nami nikasimama kando ya mama nikimtafsiria sikioni. Hukumu ilikuwa ndefu na yenye adabu. Ilisema mahakama haimbagui mtu kwa taifa lake wala kwa kuwa mwanamke. Ilisema mlalamikaji alipewa nafasi ya kutosha na mkalimani wa kutosha. Ilisema desturi aliyoitaja haikuthibitishwa, na kwamba hata mke mwingine wa ukoo huo huo aliikana. Ilisema mtu aliyeishi kama mke katika boma lile asingekataa kumtaja aliyemtolea mahari. Kwa hiyo haikuthibitika kwamba aliishi pale kama mke. Nyumba na shamba ni vya ndugu wa marehemu. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa.

"Njo kusema sikukuwa muke?" mama aliniuliza.

Nilimtazama hakimu kama nitafsiri swali hilo. Alikuwa tayari anafunga faili, na kesi nyingine inaingia mlangoni.

"Njo vile, maman," nilimjibu. Lilikuwa neno langu la kwanza kuwa langu mle ndani, na tazama neno lenyewe.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Shemeji na mkewe walipita, na mama akawapisha njia, akawasalimu kwa heshima kama kawaida. Mke wa shemeji aliitikia. Shemeji alikuwa anatafuta pikipiki.

Mimi nikamwangukia mama kwa maneno. Nilimwambia akate rufaa, nitamtafutia wakili, wako wanaosaidia bure, nitakwenda naye mwenyewe mpaka huko. Na huko, nilimwambia, ukifika utalisema jina, maman, utalisema tu, Mungu ataelewa, mama mkwe ataelewa, hata mzee mwenyewe kule aliko ataelewa, kwani alitaka ulale nje? Heshima si utumwa. Nilikuwa karibu kupiga kelele. Watu wa benchi walikuwa wanatugeukia.

Aliningoja nimalize. Kisha aliuliza, kwa upole kabisa, kama anayeuliza njia.

"Basi banasema mi sikukuwa muke wa ile nyumba. Kama ni vile, mzee haiko tena papa mukwe wangu?"

Nilitaka kumpa jibu lingine, nikalitafuta, sikulipata. "Kwa ile karatasi yao, hapana," nilisema. "Haiko."

Alitazama kule Bukavu, nyumba zake kwenye vilima vya kando ya ziwa, kisha akalitaja. Alitaja jina la mzee, na jina la ubatizo, na jina la baba wa mzee, na jina la utani ambalo vijana wa kilimani walimwita kwa ajili ya mwendo wake. Yote yalitoka yamenyooka, moja baada ya jingine, bila kukwama. Yale mawili ya kwanza niliyajua, nilikuwa nimeyaona kwenye faili, na hakukosea hata herufi.

"Umesikia?" alisema. "Naijua."

Nilimshika mkono, nikaanza kumvuta. "Turudi ndani, maman. Karani iko pale. Mi nimesikia, tutawaambia, na rufaa utaisema vile vile umeisema sasa."

Akautoa mkono wake mkononi mwangu, kidole kimoja kimoja.

"Hapana, maman. Kule ningeisema sawa vile muke, na muke haisemake. Hapa naisema kwa sababu mi ni mupita njia."

Akajitwika beseni lake, akateremka kwenda darajani.